Gari Isiyokataa

Gari yangu haijawahi kukataa kuwaka, na hilo ndilo lililoniharibia maisha. Ukitaka kucheka, cheka. Watu wa Kisangani hunicheka pia, chini chini, halafu wakifiwa wanakuja kupiga hodi kwangu kabla ya kumpigia simu hata ndugu yao.

Ni gari ya Wafaransa. Jina la kampuni silitaji, maana hawanijui na sina kesi nao. Ni nyeupe, ndefu, ya safu tatu za viti, ya zile enzi walizokuwa wakitengeneza gari ya kubeba baba, mama, watoto sita na mbuzi wa sikukuu juu ya paa. Nilipokuwa kijana, teksi karibu zote za mji huu zilikuwa za kampuni hiyo. Ukisema gari, umesema hiyo. Nyingine zote ilibidi uzitaje kwa jina. Mapadri walikuwa nayo, madaktari walikuwa nayo, wakubwa wa serikali walikuwa nayo, na bosi wangu, mzungu aliyekuwa akinunua kahawa, alikuwa nayo. Mimi nilikuwa shofere wake.

Ndani ya kisanduku cha mbele mlikuwa na kijitabu cha historia ya kampuni. Safari zetu zilikuwa ndefu, upande wa Buta, upande wa Isangi, na bosi akiwa anabishana na wenye kahawa mimi nilikuwa nasoma. Nakijua kwa moyo mpaka leo. Mwanzoni hawakuwa na gari wale watu. Walikuwa wahunzi wa kijiji kimoja cha milimani, baba na wanawe, wakitengeneza vyombo vya shamba, halafu wakaanza baiskeli. Baadaye ndipo mtoto mmoja akafunga motere kwenye magurudumu manne, na baba yake akanuna. Kijitabu kilisema mzee yule hakukubali kupanda gari ya mwanawe hata siku moja. Mimi nilikuwa nacheka sana nikifika hapo.

Kurasa za mwisho zilikuwa za kujisifu. Gari zao zilishinda mashindano ya jangwani, zilivuka mito, na Mwafrika, kilisema kijitabu, anazipenda kwa sababu hazikatai. Kulikuwa na picha ya mtu mmoja mweusi ameweka mkono juu ya boneti, meno yote nje. Nilikuwa namwangalia na kumuuliza, we bwana, unacheka nini?

Lakini kusema kweli walikuwa na haki ya kujisifu. Njia zetu ziliua kila kitu kilichokuja na magurudumu, na hiyo ikabaki. Vita vikaja, njia zikamezwa na msitu, teksi zikafa moja moja nyuma ya nyumba za watu, mji mzima ukapanda toleka, zile baiskeli zetu za kubebea abiria kwenye kiti cha nyuma. Wafaransa walitoka kwenye baiskeli wakafika kwenye gari. Sisi tulitoka kwenye gari tukafika kwenye baiskeli. Siku hizi kuna pikipiki kila kona, na hizi gari za Wajapani zilizotumika, lakini za kampuni yangu sijui kama zinafika tatu. Ya kwangu ndiyo inayotembea. Bosi alinikabidhi ufunguo uwanjani Bangboka siku aliyopanda ndege na sanduku moja, akaniambia niiangalie mpaka atakaporudi. Naiangalia bado.

Sasa nieleze lile jambo, maana bila hilo hutanielewa.

Kwetu hapa, maiti akiwa njiani kwenda makaburini, gari haitakiwi kuzimika. Ikizimika, hakuna anayefungua boneti. Watu wanasema marehemu amekataa kwenda, kuna mtu wa familia aliyemla kwa uchawi, na macho yote yanamgeukia mjomba mmoja maskini aliyesimama pembeni na kofia yake mkononi. Nimeona jeneza limeachwa katikati ya njia, ndugu wa tumbo moja wanarushiana mawe, kwa sababu ya bujia moja, kile kiplagi cha kuwashia motere, iliyojaa masizi. Haki ya Mungu, bujia!

Siku moja, miaka mingi imepita, alikufa mama mmoja jirani yetu huku mtaani kwetu, Tshopo. Ilikuwa msimu wa mvua. Pikapu iliyombeba ilizimika mara ya kwanza mlangoni pa nyumba, ikazimika mara ya pili kabla ya kumaliza avenyu. Nilikuwa nimesimama barazani na mke wangu, nikawasikia watu wanaanza kunguruma. Shemeji ya marehemu, mtu mpole, mwalimu wa shule ya msingi, alishakamatwa shati. Sikufikiri. Niliingia kwenye gari yangu, nikarudi nayo kinyumenyume mpaka kwenye pikapu, nikalaza viti vya nyuma. Jeneza liliingia kana kwamba vilipimana. Nikazungusha ufunguo mara moja tu, motere ikaitika, na avenyu yote ikanyamaza. Yule mwalimu alilia akinishika mikono miwili. Nilirudi nyumbani nikiwa na kiburi cha jogoo, nikamwambia mke wangu, leo Wafaransa wameokoa mtu.

Wiki iliyofuata walikuja watu wa familia mbili. Mwezi uliofuata sikumbuki walikuwa wangapi. Ungewaambia nini? Mtu amesimama mlangoni kwako, macho mekundu, anakwambia papa, tusaidie, tusije tukauana. Sifa yote ya kampuni ile, jangwa na mashindano na wahunzi na kijitabu, ikaja kuishia hapa Tshopo: gari ambayo maiti hakatai kupanda.

Na walio hai wakaanza kukataa. Sikuona mara moja, maana mimi ni mtu wa maneno mengi, ninapoongea siangalii sana nani anasikiliza. Kulikuwa na rafiki yangu niliyekuwa namchukua kila Ijumaa kwenda msikitini. Akaanza kusema daktari amemwambia anyooshe miguu. Anyooshe miguu, mtu mwenye gauti! Nilimwona mama mmoja wa sokoni ananyeshewa, mzigo wa mihogo kichwani, nikasimama, nikamfungulia mlango. Akaniambia asante papa, nimefika. Nyumbani kwake kulikuwa mbali kilomita nzima, na mvua ilikuwa inampiga usoni. Nilifunga mlango wangu nikaenda. Roho iliniuma kuliko kama angenitukana.

Mke wangu peke yake hakujali. Alikaa mbele, akaweka kikapu chake mapajani, akasema wanaotuogopa wametuachia nafasi. Alikuwa na mdomo, yule mwanamke. Halafu akaugua, akafa, na sisi Waislamu tunabeba watu wetu mabegani, lakini makaburi yalikuwa mbali na vijana walikuwa wachache. Nikampeleka mimi mwenyewe. Motere iliwaka mara moja, kama kawaida. Hiyo ndiyo siku pekee niliyoiomba ikatae.

Tulibaki wawili, mimi na binti yetu, mtoto mmoja tu tuliyejaliwa. Alipokuwa mdogo alikuwa akiimba kwenye kiti cha mbele, miguu haifiki chini. Alipofika miaka kama kumi akaanza kuniomba nimshushe mbali na shule. Sikuuliza sababu, niliijua. Baadaye akaomba kutembea kwa miguu. Kisha akaenda kukaa mjini kwa dada yangu, shangazi yake, ili asome vizuri, na Jumapili alikuwa anakuja kuniona. Alikuja kwa toleka, akarudi kwa toleka. Nilikuwa nasimama mlangoni kumwangalia akienda juu ya baiskeli ya mtu nisiyemjua, na gari yangu iko pale nyuma yangu, imeoshwa, ina mafuta. Nilikuwa naingia ndani, nakula peke yangu, naoga, nalala. Mtu akibisha hodi katikati ya wiki moyo ulikuwa unaruka, halafu nakumbuka kwamba hakuna anayekuja kunisalimia. Anakuja kwa sababu amefiwa.

Basi, ikaja habari ya ndoa yake.

Mume ni mtu mzuri, sina neno. Familia yao imetoka Maniema, wanauza vitambaa, ni Waislamu wenzetu, watu wa heshima. Mimi nilitaka jambo moja tu. Siku ya harusi yangu, bosi alinipa ruhusa, nikamchukua mke wangu kwao kwa gari hii hii, yeye mbele na shela lake, ndugu zake wamejaa nyuma wakipiga vigelegele. Nilitaka kumchukua binti yangu kwa dada yangu, nimpeleke kwa mumewe kwa mkono wangu, kwenye kiti kile kile. Sikuomba kingine. Wangeniambia nisile chakula cha harusi ningekubali.

Baba wa mume akaja kwangu, mtu mzima mwenye sauti ya chini. Alizunguka sana, akasifu nyumba yangu, akasifu hata kuku wangu, mwisho akasema wao wamepanga gari tatu, mimi siku hiyo nitapumzika. Nilielewa. Hasira ikanipanda mpaka kwenye masikio, nikamuuliza, siku mama yake mzazi akifa ataita gari ya nani? Aliweka glasi yake chini taratibu, akaaga, akaondoka. Nilipoiona ile glasi, maji bado yamejaa, nilijua nimefanya upumbavu.

Kesho yake binti yangu alikuja. Alilia kwanza, na mimi nikaona haya kubwa. Nilimwahidi nitakwenda kuomba msamaha kwa mkwe, na nilikwenda kweli, nikapiga magoti, akaniinua. Lakini kwenye lile la gari sikurudi nyuma hata hatua moja. Nikamwambia binti yangu kama anaiogopa gari iliyomlea, aniambie usoni.

"Mi siogopi gari, papa," akasema. "Naogopa vile batu banaangaliaka."

Nikamwambia watu niachie mimi. Siku hiyo hakuna atakayeitambua. Akachora chora kwa kidole juu ya meza.

"Bon, papa. Tutaona."

Nililichukua lile kuwa ndiyo. Mtu mpweke akipewa nusu neno anajimalizia mwenyewe.

Nilifanya kazi wiki mbili. Nilitaka kuipaka rangi nyingine, moyo ukagoma, maana mama yake aliijua nyeupe. Nikaisugua mpaka mikono ikatoka ngozi. Nikaondoa ubao wa nyuma wa kulazia majeneza, nikarudisha viti vilivyokuwa chini ya kitanda changu miaka yote, nikavishonesha vitambaa vipya vya maua. Nikafukiza udi ndani, madirisha yamefungwa, siku tatu. Nikafunga utepe wa waridi kwenye vioo vya pembeni, na mbele na ubavuni nikafunga makuti mabichi ya mchikichi. Dada yangu alinikataza hayo makuti. Hapa kwetu tunayafunga kwenye furaha na kwenye kilio pia, tofauti unaijua kwa kuangalia nani yuko ndani ya gari. Nilimjibu vibaya, nikamwambia harusi gani ya Kisangani haina makuti. Alinipa mgongo.

Siku yenyewe nilitoka Tshopo baada ya swala ya alasiri, nimevaa kanzu yangu ya idi, peke yangu ndani. Jua lilikuwa zuri. Niliendesha taratibu ili utepe usikatike.

Wa kwanza alikuwa mtu wa toleka. Alishuka kwenye baiskeli yake, akavua kofia, akainamisha kichwa. Nilifikiri ananitania. Mbele kidogo akina mama wanaouza chikwange, ile mikate ya mihogo, walisimama wote, mmoja akajifunika kitambaa vizuri. Watoto waliokuwa wanacheza mpira wakaushika mpira. Kumbe waliona gari ile, wakaona makuti, wakaona naenda polepole, na utepe wa waridi ukawa si kitu. Walidhani amekufa msichana. Nilishusha kioo nikawaambia ni harusi, naenda kumchukua bibi harusi. Mama mmoja akaniangalia kwa huruma kubwa akaniambia pole sana, papa. Kwenye kona polisi akanipigia saluti, akasimamisha wengine ili nipite. Nilitamani aniandikie faini.

Halafu nikaona kwenye kioo pikipiki moja imejipanga nyuma yangu, taa imewashwa. Kisha tatu. Kisha saba. Kwetu ni heshima, mtu akikutana na maiti asiye na wasindikizaji anamsindikiza kidogo. Nilikuwa peke yangu, wakanihurumia. Nilikimbiza gari, nao wakakimbiza. Nilipunguza, wakapunguza. Hivyo ndivyo nilivyofika kwa dada yangu kumchukua mwanangu, na msafara mzima wa mazishi nyuma yangu, watu nisiowajua, wamejaa heshima.

Wanawake waliokuwa mlangoni wakipiga vigelegele waliuona msafara, wakanyamaza ghafla. Mmoja, mgeni kutoka upande wa mume, akaanza kulia kwa sauti, maana alidhani kuna msiba umeingia. Nilishuka nikawashukuru wale wa pikipiki, nikawaomba waende. Kijana mmoja akaniuliza kwa adabu maiti iko wapi. Nikajishikilia kwenye mlango. Niliwaona wakwe wamesimama karibu na gari zao tatu, na yule mzee wa sauti ya chini hakuniangalia. Ninaona alifanya hivyo kwa kunisetiri.

Nikamwambia dada yangu basi, wampandishe kwenye gari yao, mimi nimekubali. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu. Nilikuwa nimegeuka kuondoka, sioni vizuri, binti yangu akatoka ndani. Amevaa nyeupe tupu, shela mpaka kiunoni, hina mpaka kwenye viwiko, na sura ya mama yake ile ile. Akawaambia wakwe zake watangulie wakamngoje kwenye kona ya avenyu ya nyuma. Shangazi yake akataka kumshika mkono, akauondoa. Akazunguka gari, akafungua mlango wa mbele mwenyewe, akakaa.

"Mpaka kwa kona, papa," akasema. "Pale batu hakuna."

Nikazungusha ufunguo, na gari ikaitika.

Avenyu ya nyuma ni fupi. Ina kuta za nyumba za watu pande zote, na mfereji, na siku ile kulikuwa na bata tu. Sikusema kitu, mimi mwenye maneno mengi. Nilikuwa nimeshika gia, naye akaweka mkono wake wa kushoto juu ya mkono wangu, hina bado inanukia. Akaniambia niendeshe polepole. Niliendesha polepole hata mzee wa fimbo angetupita. Nilikuwa na furaha, sitaficha, na nilijua inamalizika kila ukuta tunaoupita, na nilikuwa nahesabu milango.

Kwenye kona gari ya Wajapani ilikuwa inangoja, imejaa maua. Dada yangu alishatutangulia kwa njia ya mkato, amesimama pale na birika la maji. Kwetu mtu akitoka kuzika hatii mguu mahali pengine kabla ya kunawa mikono, na gari yangu, kwa watu wote, ni makaburini tu. Hakutaka kuniumiza, najua. Alikuwa anamlinda mtoto, na mwenyewe alikuwa na machozi.

Binti yangu alishuka. Aliangalia birika, akaniangalia mimi kupitia dirisha. Nikamwonyesha kwa kichwa, nawa, mama, usibishane na shangazi yako siku ya leo. Akanyoosha mkono wa kulia. Dada yangu akammiminia, akanawa vizuri, kidole kwa kidole, maji yakaanguka kwenye mchanga. Kisha shangazi yake akamwomba na ule wa pili. Ulikuwa wa kushoto, ule uliolala juu ya mkono wangu njia nzima. Akaukunja ndani ya shela.

"Huu hapana, shangazi," akasema. "Huu niachie."

Akaingia kwenye gari ya mumewe, mkono mmoja bado unadondosha maji.